Dawa ya rimu imeniunguzia rimu, na muuzaji anataka nimlete shemeji

Kabla hujatoa hela yako kununua hizi dawa za kuoshea rimu zinazomiminwa kutoka kwenye dumu kubwa na kupakiwa kwenye chupa za lita moja, nakuomba usome hii. Mimi niliuziwa moja Kariakoo, duka silitaji, na leo rimu zangu mbili za mbele zina ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni wala kwa kitambaa, hata usugue mpaka mkono uchoke. Nimekasirika na sioni sababu ya kuficha.

Gari langu naliosha mwenyewe nyumbani, na si kwa ubahili. Nilichoshwa na uoshaji wa barabarani, ambapo maji ya ndoo moja yanaosha magari mpaka yanageuka uji, kitambaa kilichotoka kwenye rimu kinapandishwa kwenye boneti pamoja na mchanga wake, halafu mwishoni tairi linapakwa dizeli ili ling'ae ulipe haraka uondoke. Dizeli inakula mpira, na anayekupaka hatakuwepo siku tairi lako litakapoanza kufanya nyufa. Kwangu ndoo ya rimu iko mbali na ndoo ya bodi, brashi za rimu hazigusi rangi, na kazi inaanzia kwenye magurudumu kabla ya kitu kingine.

Rimu zenyewe ni za alumini, zilikuja na gari kutoka Japani, uso umechongwa ukang'arishwa na juu yake kuna vanishi. Adui wa rimu za namna hii ni vumbi la breki. Ukiendesha kutoka Mbezi hadi Posta asubuhi mguu hautoki kwenye breki, na kila ukikanyaga, pedi na diski zinasagana na kutoa chembe za chuma zikiwa za moto. Zinarukia rimu, zinang'ang'ania kwenye vanishi, kisha hewa yetu ya pwani yenye chumvi inazipiga kutu. Ndiyo yale madoadoa ya rangi ya chungwa unayoyaona, hasa magurudumu ya mbele kwa sababu breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Sabuni ya kawaida haiyawezi.

Ipo dawa inayoyaweza bila kuumiza rimu. Ukiipuliza inatulia, halafu inapokutana na chembe za chuma inabadilika kuwa zambarau na kuanza kutiririka, na harufu yake ni ya yai viza. Hiyo ndiyo niliyoiomba dukani. Nilieleza mpaka rangi na harufu. Yule kijana akaniwekea mezani chupa ya maji ya njano yenye karatasi ya kubandika iliyochapwa picha ya gari na namba ya simu, basi. Akasema, "Dada, hii ndiyo yenyewe, tena hii ni kali zaidi, husugui. Unapuliza, unaacha dakika kumi, unamwagia maji." Elfu kumi na tano. Nikaongeza na dawa ya tairi, nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa kwa kununa.

Siku niliyoitumia gari lilikuwa limelala usiku kucha, rimu za baridi kabisa, liko kivulini, na mpira wa maji uko mkononi. Nilivaa glavu kama kawaida yangu. Nikapuliza rimu ya mbele kulia. Ikachemka kama soda iliyotikiswa, ikatoa mvuke uliokaba koo, na uchafu mweusi ukaanza kushuka wenyewe mpaka chini kwenye saruji. Kwa muda ule mfupi nilifurahi kweli, nakiri. Sikungoja hizo dakika kumi. Nilimwagia maji mengi mapema zaidi, nikahamia upande wa pili. Rimu ikiwa imelowa huoni kitu, inameta tu. Ilipokauka ndipo nilipouona ukungu. Umeanzia kwenye matundu ya nati, ukafuata mstari wa mkwaruzo mmoja wa zamani wa kerbu, na pale umeingia chini ya vanishi na kutambaa. Ukipitisha kucha juu unasikia vanishi iko laini, nzima, na doa liko chini yake ambako huwezi kulifikia.

Za nyuma hazikuguswa. Ukisimama pembeni ya gari unaona tofauti ukiwa mbali kabisa: nyuma zinang'aa, mbele zimepauka.

Sasa ningeweza kuyavumilia haya. Bidhaa mbovu zipo, tunauziwa kila siku. Ninachoshindwa kukimeza ni nilichokikuta niliporudi dukani.

Nilisalimia vizuri. Nikasema, "Samahani kaka, dawa mliyoniuzia imeniharibia rimu," nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuzitazama. Akaniuliza gari ni la nani. Nikamwambia ni langu. Akasema, mbele ya wateja: "Basi mwambie shemeji aje tuongee naye, maana haya mambo ya magari nikikueleza wewe hutanielewa." Watu wawili watatu pale wakacheka.

Shemeji anahusika vipi? Gari nimelinunua mimi, bima nalipa mimi, dawa nimeinunua mimi na risiti ninayo. Nikajizuia, nikamwuliza swali moja tu: ndani ya chupa hii kuna nini? Akajibu, "Dawa ya rimu." Nikauliza tena, dawa gani, imetengenezwa kwa kitu gani? "Ya rimu, dada." Halafu akamalizia kwamba rimu zangu ni feki ndiyo maana zimeungua. Aliyekuwa amekaa nyuma kwenye kiti, nadhani ndiye mwenye duka, hakuinua hata uso, akanyoosha tu kidole kwenye bango ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Lile swali halikuwa la ubishi. Baadhi ya dawa kali za rimu hutengenezwa kwa tindikali ya haidrofloriki au chumvi zake. Hiyo si tindikali ya kuchezea. Ikigusa ngozi inaweza isikuume papo hapo, maumivu yakaja baada ya saa kadhaa, wakati imeshapenya ndani na kuanza kuvuruga kalsiamu ya mwili. Sisemi ndiyo iliyokuwa kwenye chupa yangu. Nasema sikuambiwa, na kwenye chupa hapakuandikwa, na mwanangu alikuwa amesimama pale na kandambili akisubiri zamu yake ya kushika mpira wa maji. Angerukiwa ningempeleka hospitali nikamwambie daktari nini? Kwamba ni dawa ya rimu? Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata kwenye rimu.

Fundi wa rimu Gerezani amenieleza kwamba hakuna njia ya mkato: vanishi yote itolewe, alumini ipigwe msasa na kung'arishwa upya, kisha ipigwe vanishi nyingine. Bei yake inanunua chupa nyingi sana za ile dawa. Na amesema rimu zangu ni orijino, nimemfanya arudie.

Haki lazima nitende kwa upande mmoja. Ile dawa ya tairi niliyoinunua pamoja nayo ni nzuri, tena nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka. Hiyo ilikuwa kwenye chupa ya kiwandani iliyofungwa, ina maelezo, ni nyeupe kama maziwa, ya maji, si ile ya mafuta inayoteleza. Lakini lazima uandae tairi kwanza, na hapa wengi wanafeli halafu wanalaumu dawa. Ule ukahawia wa ubavuni mwa tairi si matope peke yake. Mpira unapotengenezwa huchanganywa na kemikali za kuukinga na ozoni usipasuke, na kemikali hizo hupanda juu taratibu jinsi tairi linavyofanya kazi. Zikikutana na hewa zinageuka kahawia. Chukua brashi ngumu na sabuni, sugua. Povu la kwanza litatoka na rangi ya chai ya maziwa. Suuza, sugua tena, mpaka povu libaki jeupe. Acha likauke kabisa, ndipo upake kwa sponji, kidogo, na ukifute kilichozidi. Usipake sehemu inayokanyaga barabara, na dawa isifike kwenye diski ya breki.

Nilivyofanya hivyo tairi lilikuwa jeusi la kupendeza, jeusi la tairi jipya, bila ule mng'ao wa mafuta. Nilitoka nalo na milango haikurukiwa na tone hata moja. Mvua ikanyesha wiki hiyo, rangi ikabaki. (Weusi huu ndio huo huo unaowauzia watu matairi ya mtumba yaliyozeeka. Usitazame rangi, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.)

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kulipa duka nyota tatu kati ya tano. Moja nzima kwa dawa ya tairi, na mbili kwa sababu, kusema kweli, hata ile dawa ya njano inaondoa uchafu; kwa rimu ya chuma iliyopigwa rangi ya kawaida, isiyo na mkwaruzo, pengine mtu asingeona tatizo. Hapana. Nikilisoma tena hilo neno "pengine" naona ninamtetea mtu ambaye hakutaka hata kutazama picha zangu. Mteja hawezi kuuziwa kemikali isiyo na jina halafu yeye ndiye afanye utafiti itafaa rimu gani. Muuzaji ndiye anayetakiwa kujua, na kama hajui asiseme "hii ndiyo yenyewe". Sifuri. Na ile dawa ya tairi haimwokoi, kwa sababu hakuitengeneza yeye.

Chupa iliyobaki nimeifunga kwenye mifuko miwili na kuiweka juu, mbali na mtoto, sijaimwaga kwa sababu ni ushahidi. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko. Langu nimeshaliandika, nimeambatanisha picha na risiti, na nimeweka sentensi ya shemeji kama ilivyotamkwa, neno kwa neno.

Wanaoniuliza sasa natumia nini: dawa ya zambarau nimeipata duka jingine, Ilala. Muuzaji ni mama wa makamo, alinifungulia chupa ninuse kabla sijalipa, akanisomea maelezo ya nyuma mstari kwa mstari, akaniuliza rimu zangu zina vanishi au hazina. Ni ghali karibu mara mbili ya ile. Nimeijaribu kwenye rimu za nyuma, zimetoka safi, hazina doa. Dawa ya tairi pia anayo, ile ile nyeupe, na kuanzia sasa nanunua kwake.