Miche ya korosho: kabla hujauliza aina, pasua kiriba

Mwaka 2019 nilinunua miche 60 ya korosho ya kubebeshwa, yaani mche wa mbegu uliounganishwa kikonyo (kitawi cha mti bora), kwenye kitalu cha kando ya barabara, si mbali na Masasi mjini. Ilikuwa mirefu, inanifika kiunoni, majani yamenawiri. Pembeni kulikuwa na midogo ya shilingi 1,500. Mirefu ilikuwa 2,500. Muuzaji akaniambia, "Mama, ukichukua hii umeshamaliza kazi, mwakani kutwa unaokota." Nikalipa 150,000 na gari juu yake.

Mwaka wa tatu kusi lilipovuma, miti kadhaa ikalala upande. Mingine ilisimama lakini majani yakawa ya njano, na maua yakatoka mawili matatu kwenye ncha. Nilipiga dawa, niliweka samadi, sikuona badiliko. Mjomba akaja na chepe akachimba mmoja wa iliyolala. Mzizi mkuu ulikuwa umeshuka shubiri moja tu, ukakuta kitako cha kiriba, yaani mfuko wa nailoni wa kitaluni, ukageuka na kujizungusha mara tatu kama mkia wa kinyonga. Baada ya miaka mitatu ardhini bado ulikuwa na umbo la ile nailoni. Mjomba akaupakata kiganjani, akasema, "Mwanangu, huu mti haujawahi kutoka kwenye kiriba."

Katika ile 60 nimebaki na 23.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahusu nafasi ya mita 12 kwa 12, wala ugonjwa wa ubwiri unga na dawa yake salfa. Hayo bwana shamba wenu anayajua na atawaeleza vizuri. Wengi mnaoniandikia mnauliza aina ya mkorosho, "Dada, nichukue AC4 au AC10?" Ni swali zuri, lakini ni la pili. La kwanza ni mzizi, na sijaona mtu anayeuliza mzizi.

Angalieni mkorosho unavyoishi huku kwetu Mtwara na Lindi. Mvua zinakata kuelekea Mei. Maua yanakuja kiangazi, korosho zinajaa kiangazi, na kuanzia Septemba au Oktoba zinadondoka, mara nyingi kabla tone la mvua halijaonekana. Maji ya kuijaza ile punje yanatoka chini sana, na anayeyafuata ni mzizi mkuu. Mzizi ukijikunja, mti hauna njia ya kufika huko. Unaweza kuwa na kikonyo kutoka mti bora kuliko yote nchini, ukaokota korosho zilizosinyaa, ukipasua ganda unakuta punje nyembamba kama ulimi wa mbuzi uliokauka.

Mche wa kubebeshwa hautakiwi kuzeeka kitaluni. Mbegu inaoteshwa, baada ya miezi miwili hivi inabebeshwa kikonyo, na miezi miwili mitatu baadaye iwe shambani. Mche unaokufika kiunoni umekaa kitaluni msimu mzima, pengine ni masalia ya mwaka jana. Na kama mzizi ulishatoboa kiriba ukaingia ardhini, siku ya kuung'oa wanaukata kwa panga. Geuza kiriba utazame chini: ukiona kidonda cha mzizi kinene kama penseli, rudisha.

Dawa yangu ni hii. Ukifika kitaluni, chagua miche miwili wewe mwenyewe, ilipie, ipasue viriba papo hapo mbele ya mwenye kitalu. Mwaga udongo, nyoosha mzizi. Ukiwa umeshuka wima, endelea na mazungumzo. Ukiwa umejikunja, umepoteza shilingi elfu tatu na umeokoa miaka mitatu. Muuzaji wa kweli hakasiriki. Wawili niliowafanyia hivyo walikasirika, na nikaondoka.

Sasa nipange chaguo zilivyo.

Namba moja kwangu ni mche wa kubebeshwa wenye kikonyo cha Naliendele, mfupi, usiozidi miezi mitano, kutoka kwenye kituo chenyewe cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, pale Mtwara au kitalu kinachoweza kukuonyesha vikonyo vilikotoka. Sifichi, mimi ni mtu wa Naliendele. Wameutafiti mti huu kwa miongo mingi na wametoa zaidi ya aina 50, na kila aina ina jina na mti mama. Ukinunua AC4, AC10, AC43 au AZA2 unajua unachopanda. Mti wa kubebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na korosho zake zinafanana na za mama yake. Changanya aina tatu au nne shambani, usipande moja tupu, ugonjwa ukija usikute mlango mmoja wa nyumba zote. Ukinilazimisha kutaja moja nitataja AC4. Jirani yangu anayo, na nilipopima kilo moja ya korosho zake nikazihesabu kwenye sinia zilikuwa 168. Kilo ya ile miti yangu 23 ilitoa 236. Nilirudia kuhesabu mara mbili.

Hesabu hiyo ndiyo pesa. Punje zilizobanguliwa zinauzwa duniani kwa ukubwa: W180 ni zile ambazo paundi moja inajaa kwa punje nzima zisizozidi 180, W320 ni kati ya 300 na 320. Namba ikipanda, punje ni ndogo na bei inashuka. Kabla hujaamini sifa za mti mama, omba korosho zake hata kumi, zikate katikati kwa kisu, utazame punje imejaa ganda au inachezacheza ndani. Paka majivu mikononi kwanza, mafuta ya ganda yanababua ngozi.

Namba mbili, na kwa mwenye mikorosho mizee naipandisha iwe ya kwanza: usinunue mche kabisa. Nunua vikonyo na umlipe fundi. Mti mzee unakatwa, unaachwa utoe machipukizi, kisha machipukizi yanabebeshwa vikonyo vya aina bora. Mzizi uko tayari, babu yako aliupanda kwa mbegu na umeshafika kwenye maji. Shida ni mafundi, maana wengine wanafunga nailoni vizuri lakini kikonyo kimekauka siku nyingi. Lipa nusu, nusu nyingine baada ya kuona majani mapya.

Namba tatu itawashangaza wengi: mbegu bora za Naliendele, zinazopandwa moja kwa moja shimoni. Loweka kwenye maji, inayoelea itupe, inayozama ipande, tatu kwa shimo, baadaye unabakiza mche mmoja wenye nguvu. Miti haitafanana kama ya kubebeshwa, mmoja utazaa sana na mwingine utakuudhi. Lakini mzizi unashuka unavyotaka wenyewe tangu siku ya kwanza. Kwa shamba la mbali lisilo na maji ya kumwagilia, naichukua hii kabla ya mche wowote wa barabarani.

Mikorosho mifupi ya Brazili, kama CCP 76 iliyotokana na kituo cha Pacajus huko Ceará, inazaa mapema na unaivuna bila kuinua kichwa. Si mibaya. Ila imezaliwa kwa kilimo cha miti iliyobanana na yenye matunzo ya karibu. Na jihadhari, nimeshaonyeshwa "Mbrazili" ambaye alikuwa mche wetu wa kawaida uliodumaa.

Miche ya shilingi 500 isiyo na jina na mbegu za kuokota: acha.

Kinachoniuma ni kupanga bei kwa urefu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, mnadani kilo ikapita shilingi 4,000, kila mwenye ekari mbili akataka miche, na vitalu vikachipuka kama uyoga. Tangu hapo mche unauzwa kama kitambaa, kadiri unavyorefuka ndivyo unavyolipa. Yaani mche ulioharibika ndio ghali, na mzima unauzwa rahisi kwa sababu ni mdogo! Mkulima anayeuza ng'ombe kununua miche anadhani amenunua bora.

Korosho yangu ikifika ghala la chama cha ushirika inapimwa unyevu, inachambuliwa, inapangiwa daraja, na isipofaa naambiwa niirudishe nyumbani nikaianike. Sawa, nakubali. Lakini ule mche niliouziwa, hakuna aliyeukagua, haukuwa na lebo, sikupewa hata stakabadhi. Niliporudi na ule mzizi mkononi, niliambiwa tatizo ni udongo wangu. Udongo huo huo una mikorosho ya bibi yangu, mikubwa hata watu wawili hawaikumbatii.

Mashimo 37 yaliyobaki wazi nimeyagawa. Ishirini nimeweka mbegu Desemba iliyopita, tatu tatu, na nimeshapunguza. Kumi na saba nimeyaacha kwa miche ya kubebeshwa ya msimu huu. Nimeshaagiza miche 19, miwili ni ya kupasua.