Dave's Redistricting: programu inayoumbua wachakachuaji wa mipaka

Unayetaka kuelewa wanasiasa wa Marekani wanavyochakachua mipaka ya maeneo bunge, fungua Dave's Redistricting uchore ramani mwenyewe. Ni ya bure, inafanya kazi ndani ya kivinjari, na akaunti hukuwezesha kuhifadhi kazi. Tumia kompyuta yenye kipanya. Kidole kwenye simu hakifai kupaka rangi kituo kimoja kimoja cha kura, yaani mtaa au kijiji kinachopigia kura pamoja.

North Carolina ni pazuri pa kujifunzia. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 10,439,388, viti vyake katika Congress (bunge la taifa) ni 14, kwa hiyo kila eneo bunge linadai watu 745,671 hivi. Paka kaunti nzima nzima kwanza, kisha shuka hadi vituo vya kura kwenye kingo, na bloku za sensa, vipande vidogo kabisa vya kuhesabia watu, ziwe za mwisho. Anzia kwenye kona za jimbo ukielekea katikati. Anayeanzia mijini hubaki na makombo ya watu kwenye ncha mbili za jimbo, na hana namna ya kuyaunganisha ila kufuta nusu ya kazi.

Ukimaliza, ukurasa wa uchambuzi hukagua kama kila kipande kimepewa eneo, kama kuna eneo lililokatika, na kama idadi za watu zimelingana. Usishangae ramani inayoonekana imekamilika ikikataliwa: mara nyingi ni bloku isiyo na mtu hata mmoja, labda kipande cha maji, iliyorukwa na brashi.

Kisha zinakuja alama tano: uwiano wa viti na kura, ushindani, uwakilishi wa jamii za wachache, mshikamano wa umbo, na kugawanywa kwa kaunti. Hapa ndipo programu inapopendeza, na ndipo inapompoteza asiyeisoma vizuri.

Wengi hukimbilia umbo, kwa sababu ya ile ramani ya Massachusetts ya 1812 iliyofananishwa na mjusi na kumpaka matope gavana Elbridge Gerry aliyeitia saini. Lakini umbo zuri haliamui haki. Chukua wapiga kura 500, wa chama A wakiwa 300 na wa chama B 200, katika maeneo matano ya watu 100. B akiwa ndiye mwenye kalamu, anawarundika A 90 katika kila eneo kati ya mawili, halafu anawatawanya waliobaki 40, 40 na 40. Matokeo: B anashinda maeneo matatu kwa 60 dhidi ya 40, akiwa na asilimia 40 tu ya kura. Na maeneo yote matano yanaweza kuwa miraba safi kabisa! Kinyume chake, pwani yenye ghuba nyingi hushusha alama ya umbo bila hila ya mtu yeyote, kwa kuwa kipimo kimojawapo hulinganisha ukubwa wa eneo na urefu wa mpaka wake.

Alama ya uwiano nayo ina mtego. Massachusetts ina viti 9, vyote vya Democrat, ingawa Republican hupata karibu theluthi ya kura. Wapiga kura wao wametawanyika karibu sawasawa jimboni, hata ni vigumu sana kuwachorea eneo moja la kushinda. Kwa hiyo usihukumu alama peke yake. Chora ramani tatu nne tofauti za jimbo hilohilo, uzilinganishe na ile rasmi. Ikiwa rasmi pekee ndiyo inayoegemea upande mmoja, hapo kuna mkono wa mtu.

Kuhusu usawa wa watu, usiishie kwenye tiki ya programu. Mwaka 1983, katika kesi ya Karcher v. Daggett, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa ramani ya Congress ya New Jersey yenye tofauti ya watu isiyofika asilimia 0.7, kwa kuwa jimbo halikuweza kuitetea. Ramani za mabunge ya majimbo yenyewe huachiwa nafasi kubwa zaidi, kwa kawaida hadi asilimia 10. (Kichekesho ni kwamba idadi za bloku za 2020 zilivurugwa kidogo makusudi ili kulinda faragha, kwa hiyo usawa wa mtu mmoja ni wa kwenye karatasi.)

Programu hii haiwezi kuchagua nani ashike kalamu. North Carolina ilitoa viti 7 kwa 7 mwaka 2022 kwa ramani ya mahakama. Bunge la jimbo likachora upya, na 2024 ikawa 10 kwa 4 upande wa Republican. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Rucho v. Common Cause ya 2019, mahakama za shirikisho hazisikilizi malalamiko ya upendeleo wa chama. Dawa mojawapo iliyobaki ni tume huru za kuchora mipaka: Michigan ina wajumbe 13, wanne wanne wa vyama viwili na watano wasio na chama, California ina 14. Nazo si ngome: mwaka 2025 wapiga kura wa California waliweka kando ramani ya Congress ya tume yao, kujibu hatua ya Texas ya kuchora upya ramani yake kuwafaa Republican.

Jaribio zuri kuliko yote limo kwenye kanuni ya Arizona, ambako tume hairuhusiwi kutumia takwimu za vyama mwanzoni mwa kazi. Zima rangi za vyama, chora jimbo zima kwa kufuata kaunti na idadi ya watu, hifadhi nakala, ndipo uziwashe.