Nilikodi baiskeli Iten kushuka Kerio, waya ya breki ikakatika kwa kona

Sitaki kuzunguka. Barabara ya kutoka Iten kushuka Tambach hadi mto Kerio pale Cheploch ni tamu kuliko zote nimewahi kupita kwa baiskeli, na yule jamaa alinikodishia baiskeli sitawahi kumpa hata shilingi yangu tena. Jina lake silitaji. Imepita miezi kadhaa, ilikua msimu wa maembe, na bado nikikaa nikikumbuka ile simu nilimpigia mikono inaanza kutetemeka.

Asubuhi niliikagua baiskeli kabla sijalipa. Naendesha baiskeli ya barabara karibu miaka 9 sasa, najua kitu cha kuangalia. Ilikua imeoshwa inang'aa, cheni imepakwa oili, tairi ngumu, tepu ya usukani mpya kabisa nyeupe kama kitambaa cha harusi. Nikabana breki zote mbili zikashika. Nikaacha diposti ya elfu 2 na kitambulisho, nikalipa siku mbili, ju plani ilikua nishuke, nivuke mto, nipande mpaka Kabarnet nilale huko, kesho nirudi. Mwenyewe alikua kwa simu muda wote, aliyenitolea baiskeli ni kijana wake wa kazi, mpole sana, aliniangalia kama mtu ana kitu anataka kusema halafu akanyamaza. Hiyo nilikuja kuielewa baadaye.

Sasa kwa wenye hawajawahi kufika. Iten iko juu, kama mita 2,400, baridi, wakimbiaji kila mahali alfajiri, halafu ukitoka tu mjini unaangalia Kabarnet ardhi inakatika. Yaani bonde lote liko hapo chini yako, milima ya Tugen ng'ambo, na barabara inajikunja kona baada ya kona ikiteremka ukuta wa Elgeyo. Mpaka uguse sakafu ya bonde umeshuka zaidi ya mita elfu moja. Unaanza na koti, unamaliza jasho linatiririka na migunga pande zote. Na kimya! Malori ya kwenda Uganda yanapita barabara kuu ya Nakuru-Eldoret, huku unapishana na matatu za Kabarnet, Probox, nduthi mbili tatu na mbuzi. Kuna dakika nilikua nasikia tu upepo na cheni.

Basi niko kwa huo utamu, bado sijafika Tambach, naingia kona ya kushoto, nabana breki kama vile unatakiwa kwa mteremko mrefu, unabana kwa nguvu kabla ya kona halafu unaachilia rimu ipoe, hufai kuishikilia tu njia nzima ju rimu ikichemka hata tyubu inaweza kupasuka. Nikabana, nikasikia "tak", liva ya breki ya nyuma, yaani ule mkono wa kubana, ikalala mpaka kwa usukani kama kitu hakijafungwa mahali popote. Hakuna kitu. Imebaki ya mbele peke yake na ukiibana yote kwa spidi hiyo unaruka juu ya usukani. Nikawa nainyonya kidogo kidogo, naachilia, nabana, harufu ya raba inanipanda puani, nikaegemea upande wa mlima nikateremsha mguu, kiatu kikaburuta kwa lami, nikasimama kwa mtaro. Nilikaa chini kwa nyasi sijui dakika ngapi. Jamaa mmoja wa nduthi akasimama, akauliza, "Dada, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa na sikua sawa.

Nikampigia mwenye baiskeli. Nilitaka tu aniambie nifanye nini, au atume mtu na waya nyingine, nilimwambia kwa heshima kabisa. Maneno yake ni haya, nimeyashika yote: "Mama, hiyo si baiskeli ya kwenda sokoni, hiyo ni ya resi. Kama hujui breki ungesema nikupe ya watoto. Imetoka hapa ikiwa sawa, kama imekatika ni wewe umeikata na utalipa." Akakata simu. Hakuniuliza kama nimeumia. Ndio hiyo inaniuma mpaka leo, wala si waya. Waya inakatika, chuma ni chuma. Lakini mtu anakuambia niko kwa mteremko wa Tambach sina breki, wewe swali la kwanza ni nani atalipa?

Na huku kwetu mteremko si mchezo. Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, mtu alikua anaendesha baiskeli kama kazi, alianguka akiwa kwa spidi mashindanoni Vermont kule Marekani Agosti 2022 akafariki. Mtu kama yeye, jamani. Halafu wewe unakodisha baiskeli Iten, mji huo huo wenye aliendesha, unampa mtu waya imeoza.

Imeoza, ndio, na nina ushahidi. Nilikokota baiskeli mpaka Tambach, nikaonyeshwa kijana fundi anatengeneza nduthi na baiskeli chini ya mti. Akafungua ile tepu nyeupe nzuri. Ndani ganda la waya limepasuka na limejaa kutu. Akakitoa kile kipande kilibaki kwa liva, akakiweka kwa kiganja changu akasema angalia hapa. Nyuzi karibu zote zilikua na kutu mpaka kwenye ncha za mkato, maana yake hizo zilikatika kitambo. Nne tu ndio zilikua zinang'aa kwa mkato. Nyuzi nne! Hizo ndizo zilinibeba kutoka Iten, na mtu alifunga tepu mpya juu yake. Utaniambiaje hakuona? Tepu haijifungi yenyewe.

Huyo fundi sasa. Hakua na waya ya baiskeli ya barabara, alikua na ya maunteni, zile baiskeli za milimani, na kichwa cha hiyo waya ni cha duara kama kipipa, hakiingii kwa liva ya resi yenye inataka kichwa kama pea. Akachukua tupa, akakaa anakisugua polepole, anajaribu, anatoa, anasugua tena, mpaka kikaingia na kukaa sawa. Akanifanya nibane liva mara thelathini hivi huku anaangalia. Halafu akaangalia na ya mbele bila kuambiwa, akaikaza. Shilingi 150. Nilimpa 500 akanirudishia chenji, ikabidi nimlazimishe.

Kufika hapo nilikua nimeapa narudi nyumbani. Lakini barabara iko pale inaniita, kwa hivo nikashuka, polepole sana hizo kona za mwanzo, nikapita Biretwo kwenye akina mama wanauza maembe kando ya lami, nikala mawili nikiwa nimesimama, na nikafika Cheploch. Hapo mto wote wa Kerio, huo unaoenda mpaka Ziwa Turkana, unabanwa kwa mwanya mwembamba wa mwamba, maji ya rangi ya chai chini kabisa, na vijana wanaruka kutoka juu ya mwamba kuingia humo ndani na kila mtu anajua kuna mamba. Nilikaa kwa daraja nikalia kidogo. Sijui ni uchovu ama ni furaha.

Kabarnet sikupanda, muda ulikua umeenda na hiyo waya sikutaka kuijaribu kwa kushuka tena kesho yake. Hiyo safari ya kulala Kabarnet aliniibia. Nikarudi Iten na Probox, baiskeli juu ya keria.

Kumrudishia, hakuangalia hata ile waya ya zamani nikimwonyesha. Akanipa kitambulisho, diposti akasema ni ya "uharibifu". Nikamuuliza uharibifu gani na nimekurudishia breki nzuri kuliko ulizonipa? Akageuka akaingia ndani. Jioni kijana wake akanipigia, akasema samahani sana dada, nilimwambia mdosi hiyo waya ni mbaya wiki mbili kabla, akasema tufunge tepu tu. Hapo nilikasirika upya, halafu nikamhurumia huyo kijana, ju najua kwa nini alinyamaza.

Nilikua nimeanza kuandika hii nikisema watu wasiende. Naifuta hiyo. Nendeni. Nendeni na baiskeli yenu wenyewe, ama mkikodi mlazimishe mtu atoe tepu muone waya yote, akikataa ondokeni. Bebeni waya ya ziada, maji lita 3, mshuke asubuhi kabla jua halijakua kali huko chini. Kama mnataka kufuata bonde kuelekea kaskazini, Arror na Tot, ulizeni wenyeji kwanza hali ya usalama iko aje siku hiyo, msijiendee tu.

Mimi narudi likizo ya Agosti na baiskeli yangu juu ya matatu, na safari hii nalala Kabarnet. Nitapita pia pale chini ya mti Tambach nimpelekee yule fundi waya tano za resi. Elfu 2 yangu bado sijarudishiwa.