Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, nikiwa na mashine mkononi: nyota tatu kati ya tano

Mteja aliyekuwa kitini Jumatatu ile ni mzee wetu mmoja, dereva wa lori mstaafu, anayetaka ndevu zichongwe mstari mwembamba kama uzi. Nilikuwa nimefika chini ya sikio la kushoto msomaji wa habari aliposema wananchi "wamejitokeza kwa wingi kupiga kula". Mzee akacheka kwa mwili mzima. Mashine ikaenda ilikotaka. Ilibidi mstari niupandishe pande zote mbili mpaka ulingane, na elfu tatu yangu sikuidai.

Kwa hiyo taarifa hii ya habari naipima kama mtu aliyeingia hasara nayo. Nina saluni ya kiume Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Runinga ya inchi 32 nimeitundika juu ya kioo, king'amuzi kiko kwenye rafu pamoja na poda na spiriti. Watu wakishatoka Isha viti vinajaa, na hapo ndipo habari zinapoanza. Jina la kituo nalihifadhi: wateja wangu wawili wana ndugu pale, na mmoja wao ana deni langu ambalo bado nalitaka. Nimekifuatilia tangu mwezi wa tatu hadi mwisho wa mwezi wa sita, makosa nikiyaandika nyuma ya daftari la madeni. Sisemi maneno ya kijiweni.

Tuanze na mali yenyewe. Habari zinaahidiwa saa 2:00 kamili. Kwa saa yangu ya ukutani zinaanza saa 2:03, baada ya tangazo la sabuni. Muhtasari umepangwa vizuri, sauti ni safi, na maandishi ya chini ya kioo yanasomeka hata na mtu aliyevua miwani ili anyolewe. Michezo haina shida, yule kijana anazijua timu zake, nimemaliza.

Msomaji wa siku za kazi ni bwana mwenye sauti nzito, sauti ambayo angekuwa muadhini mtaa mzima ungewahi safu ya mbele. Suti inamkaa. Ila ulimi wake una ugomvi na R na L, na hapa Tanga ukisema kula badala ya kura watu wanakuona kama umemkanyaga bibi yao mguu. Mimi wanaomcheka nawaambia wapunguze. Ziko lugha zetu nyingi za nyumbani ambazo hazitenganishi sauti hizo mbili, na mtu haiachi lugha ya mama yake mlangoni mwa studio. Kasoro hiyo kwangu haizidi ile elfu tatu.

Kinachonikera ni kwamba hajisikii anaposoma. Usiku mmoja daraja lilikuwa limegharimu shilingi bilioni moja nukta mbili, na sentensi mbili mbele daraja lile lile limegharimu milioni moja nukta mbili. Hakusita, hakupepesa jicho, akahamia kwenye bei ya korosho. Kijana wa bodaboda akauliza daraja la milioni moja ni la mbao au la kamba, ubishi ukaanza, na habari ya korosho hakuna aliyeisikia.

Mteja mmoja aliyewahi kuwa fundi wa studio ndiye aliyenifumbua macho, siku namchonga panki. Mbele ya kamera, anasema, kuna kioo kilicholazwa mshazari. Maandishi yanajionesha hapo yakipanda taratibu, na lenzi iko nyuma ya kioo hicho hicho. Ndiyo maana tunamwona msomaji kama anatutazama sisi. Wanaita prompta. Kuna mtu anayeyasukuma maandishi: akikimbia, na msomaji anakimbia, akizubaa, msomaji anavuta neno kama anaita mbuzi. Sikioni ana kidude, na humo mwongozaji anamwambia bado sekunde kumi, ruka habari ya nne, mgeni wa kwenye simu amekatika, yote hayo huku mdomo wake unasoma jina la kijiji ambacho hajapata kukisikia. Niliposikia hivyo niliona haya kidogo. Mimi mteja akiniuliza matokeo ya Simba na Yanga wakati nachonga pembe ya paji, namwomba anyamaze.

Lakini fundi yule aliniambia na jambo la pili. Mezani kuna karatasi zenye habari zile zile, na msomaji aliyefundwa anazigeuza moja moja kadiri anavyosoma, hata kama hazitazami, ili prompta ikizimika ajue yuko wapi. Tangu siku hiyo nikawa natazama mikono. Bwana wetu wa siku za kazi hageuzi. Karatasi ziko pale kama kitambaa cha meza. Dada wa Jumamosi na Jumapili anageuza.

Huyo dada ndiye anayeibeba taarifa hii. Jumapili moja ya mwezi wa tano alikuwa anasoma habari ya mradi wa maji uliozinduliwa na waziri, zikatoka picha za mnada wa ng'ombe. Dume moja jekundu limejaa kioo kizima, linatutazama. Saluni yote kimya, tunasubiri. Akasema, "Kunradhi mtazamaji, picha unazoziona si za habari hii. Nitakusomea, picha zitafuata." Akashusha macho kwenye karatasi, akasoma polepole mpaka mwisho. Hakucheka, ingawa pembe za mdomo zilikuwa zinamcheza. Baada ya habari mbili picha za maji zikaja kweli, naye akazitambulisha upya kwa sentensi moja. Mzee wa lori akasema, "Huyu hata tairi impasukie mteremkoni, hakanyagi breki kwa pupa." Kwa dereva wa lori sijui kama kuna sifa inayoizidi hiyo.

Bwana akipatwa na kitu kama hicho ananyamaza, anashika tai, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa na mkewe, kisha anasema, "Tutarejea taarifa hiyo mitambo itakaporuhusu." Miezi minne nimefuatilia. Mitambo haijawahi kuruhusu.

Na akiunganishwa na mwandishi wa mkoani, sauti inachelewa kidogo njiani, jambo la kawaida. Yeye hasubiri. Anauliza tena, mwandishi naye ndiyo kwanza anajibu swali la mwanzo, wanagongana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Dada anauliza swali fupi, anafunga mdomo, anangoja.

Sasa lile lililokula nyota nzima.

Alhamisi moja, mwisho wa mwezi wa sita, bwana alisoma tangazo la matengenezo ya njia ya umeme. Jumamosi umeme utakatika katika mikoa kadhaa, Tanga ikiwemo, "kuanzia saa nane hadi saa mbili". Hakutaja mchana, hakutaja usiku. Mtu anayeishi kwa Kiswahili akisikia saa nane hadi saa mbili ataelewa nini? Saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, siku ambayo kwa kinyozi ni kama sikukuu, kila mtoto anatakiwa kichwa kisafi. Nikawapitishia ujumbe akina mama wa mtaani waniletee watoto asubuhi na mapema, umeme ukikatika mimi nishamaliza, nakwenda kulala.

Saa 2:00 asubuhi kwenye benchi walikuwa watoto 11. Wa kwanza nimeshamfunga kitambaa shingoni, nimepitisha mashine kutoka kwenye paji hadi utosini. Umeme ukaondoka. Ulirudi saa 8:00 mchana.

Karatasi, bila shaka, iliandikwa kwa saa za Kiingereza, 8:00 hadi 2:00, naye akazisoma namba jinsi zilivyo. Sisi tunahesabu kuanzia kunapokucha, wao kuanzia usiku wa manane, tofauti ni saa sita. Mtoto wa shule ya msingi anageuza bila vidole. Ubaya wa tangazo lile ni kwamba ukilisoma vibaya bado lina maana. Kula ukiisikia unajua ni kura, unacheka, unaendelea. Saa nane ukiisikia, utajuaje kwamba ilikuwa saa mbili?

Ijumaa usiku nilikuwa mbele ya runinga, na kwa hesabu ya sasa ile ndiyo saa ambayo sentensi moja tu ingeniokoa. Bwana akasoma habari zake zote, akatutakia usiku mwema. Jumatatu akarudi, kimya vile vile. Nikatuma ujumbe kwenye namba inayopita chini ya kioo, nikaeleza saa, siku, na yule mtoto aliyekwenda nyumbani na njia katikati ya kichwa, amevalishwa kofia ya babu yake. Nikajibiwa: "Asante kwa kuwa nasi." Mama wa yule mtoto hajarudi kwangu mpaka leo.

Wateja wananiuliza mbona basi sikumpa nyota moja. Huwa nawajibu kwa kisa cha BBC, London, Mei 8, 2006. Mtu mmoja wa Brazzaville, Guy Goma, amekaa mapokezi akisubiri usaili wa kazi ya kompyuta. Akaja mtu wa studio kumchukua Guy mwingine, Guy Kewney, mtaalamu wa teknolojia aliyealikwa kuzungumzia kesi ya Apple na kampuni ya muziki ya Beatles. Majina yakagongana. Goma akaongozwa mpaka studio, akakalishwa, na mtangazaji Karen Bowerman akamtambulisha mubashara kwa jina la yule mwenzake. Uso wa Goma pale, lahaula, ni wa mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta harusi. Halafu akajikaza, akajibu kwa adabu maswali ya watu kupakua muziki kwenye intaneti, mpaka mwisho. Kazi aliyoiendea hakuipata. Watu wanamcheka Goma, na wengine wanamcheka yule mama mtangazaji, wakati kosa lilikuja kwa miguu yake kutoka mapokezi. Na zile saa nane za kwetu, kuna mtu aliyeziandika bila neno asubuhi, na kuna mwingine aliyepaswa kuzipitia. Bwana alikuwa mlango wa mwisho tu, ingawa mlango nao una komeo.

Na ulaini wa ulimi usitudanganye. Machi 2017 TBC ilitangaza kwamba Donald Trump amemsifu Rais Magufuli. Habari ilikuwa imetoka kwenye tovuti bandia, na wafanyakazi tisa wakasimamishwa kazi. Habari ya namna hiyo uisome kwa R zako zote na L zako zote mahali pake, haisaidii kitu.

Kuna mteja, fundi cherehani, ambaye kila tukifika hapa lazima alete la Zambia. Juni 2021, Kabinda Kalimina wa KBN TV alisoma muhtasari, akaziweka habari kando, akasema yeye na wenzake ni binadamu na wanatakiwa walipwe mishahara yao. Kituo kikasema alikuwa amelewa, yeye akakataa. Ubishi huo peke yake unamaliza vichwa vitatu: wapo wanaosema aliwavunjia heshima watazamaji, wapo wanaosema ndiye mwanamume. Mimi sina upande, ila nimegundua suti ya bwana wetu ni ile ile tangu mwezi wa tatu. Kama kuna mtu huko anamchelewesha na chake, basi nusu ya hasira zangu zihamie kwa huyo.

Kwa hiyo nyota tatu. Moja ya muhtasari, sauti na maandishi, na mbili ni za dada peke yake. Mwenye saluni, mgahawa au kijiwe cha kahawa anayefikiria kukiweka kituo hiki, wikendi aweke bila wasiwasi. Siku za kazi aweke pia, lakini wakitaja saa, bei au tarehe aulize na jirani. Na asishike wembe wakati wa muhtasari.

Jumapili iliyopita lilikuja tangazo jingine la umeme. Nilikuwa na kichwa cha watu mkononi, nikazima mashine nisikie vizuri. Dada akageuza karatasi yake, akasoma: "Kuanzia saa mbili asubuhi, narudia, saa mbili asubuhi, hadi saa nane mchana." Mteja alikuwa amesinzia. Akashtuka, akauliza kama umeme umekatika.