Pakiti Zilizovishwa Kanga: Studio Ndogo ya Usanifu, Mji wa Kale, Mombasa

Nilipoipelekea studio hii ya watu watatu, iliyo ghorofani katika Mji wa Kale, kazi ya kubuni pakiti za viungo vya pilau ninavyouza, nilitarajia kuchorewa dau na mnazi kama ilivyo desturi. Badala yake walitandaza mezani kanga iliyochakaa, wakanionyesha jinsi pindo linavyouzunguka mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno ya kanga, linavyokaa chini yake, kisha wakaipanga pakiti kwa utaratibu huohuo: michoro ya korosho kwenye pindo, ya iliki na mdalasini katikati, na maneno machache ya herufi kubwa ndani ya kisanduku chake. Hata jina la duka limewekwa kwa maandishi madogo ukingoni, kama "Mali ya Abdulla", alama ya biashara ya kanga za Mombasa, inavyosomeka kwenye kanga, na mteja wangu mmoja mtu mzima aliisoma akacheka kabla hajauliza bei.

Mabango ya mkahawa waliyoyatengeneza karibuni, yenye nakshi zilizochotwa kwenye milango ya Lamu, ni mazuri ila yamejaa mno. Macho hayapati pa kutua.

Dosari yao kubwa ni muda. Wiki mbili walizoahidi zilifika tano, na ile rangi nyekundu iliyong'aa kwenye skrini ilichapwa imefifia, kwa sababu hapakutolewa sampuli ya karatasi kwanza. Nililipa nusu ya gharama za kuchapa upya, jambo ambalo sikulifurahia. Pakiti za Ramadhani nimeshawaagiza, safari hii kwa sharti la kuishika sampuli mkononi.