Kipochi Kilichobaki Mwanza: Tathmini ya Huduma ya Vitu Vilivyosahaulika Hotelini

Wanaotoa maoni kuhusu hoteli huzungumzia kitanda, maji ya moto, kifungua kinywa na makelele ya barabarani, yaani mambo ambayo mgeni huyapima akiwa bado ndani. Ningependa kuitathmini hoteli moja ya daraja la kati iliyopo katikati ya jiji la Mwanza kwa jambo ambalo mgeni huligundua akiwa ameshaondoka, nalo ni namna wanavyoshughulikia vitu alivyovisahau chumbani. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina sifa za kuipa na kasoro za kuieleza, na zote mbili zinaweza kumfaa msomaji anayelala hoteli nyingine kabisa.

Tulilala hapo familia nzima tulipokwenda kumwoza binamu yetu. Basi letu la kurudi Dar es Salaam liliondoka kituo cha Nyegezi alfajiri, na mtu anayewahi basi la alfajiri hufunga mizigo akiwa na usingizi, huku dereva wa teksi akipiga honi chini. Tulikuwa tumeshaipita Shinyanga wakati mama mdogo, mwalimu mstaafu, alipotaka kumeza dawa yake ya presha akakuta kipochi hakimo mkobani. Ndani yake mlikuwa na miwani ya kusomea, dawa hizo, kadi ya bima ya afya na pete ya fedha aliyoivua usiku kwa sababu vidole vilikuwa vimevimba. Nilipiga simu mapokezi papo hapo.

Aliyepokea hakunijibu kwamba hakuna kitu. Nalitaja hili kwa sababu ndilo jibu nililozoea kupewa kwingine, tena kabla mtu yeyote hajapanda ngazi kwenda kuangalia. Huyu aliomba namba ya chumba na jina lililoandikwa kitabuni, akasema atanipigia baada ya kuzungumza na mhudumu wa ghorofa ile, na kweli akapiga. Safari hii aliomba kuzungumza na mwenye kipochi mwenyewe.

"Shikamoo mama," alimwambia. "Naomba unieleze kipochi chako kikoje, na ndani mna nini."

"Marahaba mwanangu. Wewe kiangalie tu, utakijua."

"Nitakiangalia mama, lakini nieleze wewe kwanza."

Mama mdogo hakupendezwa, kwani aliona kama anahojiwa kuhusu mali yake mwenyewe. Hata hivyo alieleza: kimeshonwa kwa kipande cha khanga nyekundu, zipu yake imekatika kishikio na mahali pake pamefungwa uzi mweusi. Ulipotajwa uzi mweusi, kijana akasema kipochi kipo salama. Mimi naona alifanya sawasawa, na wala si mtindo mpya wa hoteli za kisasa. Waislamu wa pwani na bara wanaijua hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyopokewa na Zayd bin Khalid, kwamba mwenye kuokota kitu akitambue chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima, na mwenyewe akija apewe. Kishikio cha zipu ni jambo ambalo mwenye mali hulijua na tapeli hawezi kulibuni. Hoteli inayokuuliza "ni kipochi chekundu?" imeshampa mwongo nusu ya jibu.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo nataka wenye hoteli walitafakari. Mtu aliyeokota pochi sokoni ana udhuru wa kusema hamjui mwenyewe. Kondakta wa daladala naye anao. Hoteli haina. Kabla hajapewa ufunguo, mgeni huandika kitabuni jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya simu, anakotoka, anakokwenda, na mara nyingine hata kazi yake. Kitu kikionekana chumba namba 207 saa tatu asubuhi, mwenyewe yumo katika mstari mmoja wa kitabu kilichopo hatua chache tu kutoka hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 258 kinachoeleza maana ya wizi, inampa nafuu aliyeokota kitu kilichopotea akakifanya chake, mradi wakati huo hakumjua mwenyewe na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 268, inasema vivyo hivyo. Sijui ni meneja gani mwenye kitabu cha wageni mezani angesimama mahakamani na kudai kwamba alikuwa na sababu za msingi za kuamini hivyo. (Ni kweli kwamba wapo wageni wanaojiandikisha kwa majina ya uongo, hasa katika nyumba za wageni zinazokodisha vyumba kwa saa. Hao wakisahau saa zao za mkononi, nadhani wameshakubali hasara.)

Jambo la pili lililonivutia ni ukaguzi wa chumba. Katika hoteli nyingi za kwetu mgeni akirudisha ufunguo huambiwa asubiri kidogo, na mhudumu hukimbia juu kuhesabu taulo, kuangalia rimoti ya televisheni na kuhakikisha hakuna glasi iliyovunjika. Hukimbia kweli, kwa sababu anajua mgeni akishatoka getini taulo haitarudi. Mhudumu huyohuyo akikuta chaja ya mgeni, haoni haraka ya kuteremka nayo. Hoteli hii imeyaunganisha mambo hayo mawili: mhudumu anayekagua mali ya hoteli anakagua na mali ya mgeni kwa karatasi moja, na mgeni haachiwi aondoke mpaka aambiwe kwamba chumba ni safi pande zote mbili. Utaratibu ni mzuri sana, isipokuwa kwamba alfajiri ile haukufanyika. Wahudumu wa vyumba huingia kazini saa moja asubuhi, na mlinzi wa usiku ndiye aliyepokea funguo zetu akazitia ndani ya droo. Kwa hoteli ambayo wageni wake wengi huondoka kuwahi mabasi, kuweka ukaguzi katika saa ambazo wageni hao wameshafika mbali ni kasoro kubwa, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuipunguzia alama.

Nilipouliza kipochi kilionekana wapi, nilijibiwa kwamba kilikuwa kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Hilo ni kosa la aliyetengeneza chumba zaidi kuliko la aliyelala humo. Mlango ukifunguliwa kuelekea ndani hulifunika lile tundikio, na mgeni hutoka kwa kuufungua mlango. Kwa hiyo wakati anapotupa jicho la mwisho chumbani, mahali pekee asipoweza kupaona ni hapo palipo na koti, mkoba au kanzu yake. Soketi iliyo nyuma ya kichwa cha kitanda ni ya jamii hiyohiyo, kwani chaja nyeupe iliyochomekwa katika ukuta mweupe huonwa na anayesogeza kitanda tu. Simu nazo huteleza chini ya mto, zikazolewa pamoja na mashuka hadi kwenye ndoo ya kufulia. Hoteli hii imehamishia soketi mezani katika vyumba vya ghorofa ya tatu, na ningeshauri msumari wa nyuma ya mlango nao ufuate.

Kitabu cha vitu vilivyookotwa nilikiona kwa macho yangu niliporudi Mwanza kwa shughuli nyingine. Kila mstari una tarehe, namba ya chumba, maelezo ya kitu, jina la mhudumu aliyekiona, sahihi yake na sahihi ya aliyekipokea. Msimamizi wa vyumba, dada mmoja mwenye maneno machache, aliniambia kwamba sahihi hizo mbili zimewafaa zaidi wahudumu kuliko wageni. Zamani mgeni akipiga simu kudai pesa alizoacha, wa kwanza kushukiwa alikuwa aliyetandika kitanda, na hakuwa na njia ya kujitetea. Siku hizi aliyekabidhi amekabidhi, na swali humfuata mwenye stoo. Nimewasikia wageni wengi wakiwaita wahudumu wa vyumba wezi bila ushahidi wowote, na aghalabu kitu chenyewe huja kuonekana ndani ya begi la mtoto. Kitabu cha namna hii ni kinga yao, na mwenye hoteli anayeona uvivu kukiweka anawaacha wafanyakazi wake uchi mbele ya kila tuhuma.

Lipo swali gumu ambalo hoteli hii imelijibu kwa namna ambayo si kila mtu ataipenda. Je, hoteli ikiona kitu, impigie mgeni, au ingoje mgeni apige? Mimi nilitaka kujua kwa nini hatukupigiwa, maana kipochi kilionekana asubuhi ileile. Msimamizi alitabasamu kwanza. Alieleza kwamba hapo zamani walikuwa wakipiga, mpaka siku simu ilipopokelewa na mke wa mgeni, ambaye alikuwa akijua kwamba mumewe yupo Musoma kikazi, na kitu chenyewe kilichookotwa kilikuwa hereni. Tangu hapo wananyamaza. Hoteli nyingi duniani hufuata kanuni hiyo ya kunyamaza kwa sababu hiyohiyo, kwamba kulala kwa mtu hotelini ni siri yake na si kazi ya hoteli kuitangaza nyumbani kwake.

Naielewa hoja hiyo, lakini sikubaliani nayo yote. Kumngoja bibi wa miaka zaidi ya sitini akumbuke mwenyewe mahali alipoziacha dawa za presha, ili kulinda siri ya mwanamume mwenye hereni, ni kumtoza mwema deni la mwingine. Njia ya katikati ipo na ni rahisi. Ujumbe mfupi utumwe kwa namba aliyoiandika mgeni mwenyewe, usiotaja kitu wala chumba wala hata neno hoteli, bali jina la mhudumu na ombi la kupigiwa. Aliyelala huko ataelewa, na asiyehusika atadhani ni fundi au mwuza vocha. Kwa dawa, vitambulisho, miwani na meno ya bandia, vitu ambavyo mtu hawezi kukaa siku mbili bila kuvipata, ningewataka wapige simu bila kungoja chochote, ila wamtafute mwenyewe kwa jina na wasimweleze mwingine.

Usafirishaji ulikwenda vizuri. Kijana wa mapokezi alikifunga kipochi ndani ya bahasha ya kaki, akaibandika gundi ya karatasi na kuisaini juu ya kiungo, akaipeleka Nyegezi kwenye ofisi ya basi la siku iliyofuata. Picha ya risiti ya kifurushi aliituma kwa WhatsApp, na sisi tulikipokea katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi Luis kwa kuonyesha kitambulisho na namba ya risiti. Tulilipa nauli ya kifurushi na pesa ya bodaboda kwa simu. Hoteli yenyewe haikutoza kitu, ingawa kijana alitaja "ya soda" kwa sauti ya mtu anayesahihisha mahesabu. Tulimpa kwa moyo mweupe, kwani alistahili, lakini ingekuwa heshima zaidi kama gharama zote zingetajwa tangu mwanzo, ili asiye na uwezo ajue anachoingia na mwenye kutoa bakshishi atoe kwa hiari.

Kasoro zilizobaki ni mbili. Stoo ya vitu vilivyookotwa ina ufunguo mmoja, nao hukaa na msimamizi, ambaye Jumapili hayupo. Mgeni akirudi mwenyewe siku hiyo akiwa na safari jioni ataambiwa aje Jumatatu. Kasoro ya pili iliniudhi zaidi. Bahasha ilipofunguliwa Dar es Salaam, miwani, pete na kadi vilikuwemo, lakini dawa hazikuwemo. Mhudumu alikuwa amezitupa kwa sababu karatasi yake ilikuwa imeshafunguliwa na vidonge kadhaa vimeshatumika. Mama mdogo alikuwa ameshanunua nyingine katika duka la dawa Singida, kwa hiyo madhara hayakuwa makubwa, lakini mawazo yaliyomo katika kitendo hicho si sahihi. Kilichotiwa katika pipa la taka na mgeni ndicho taka. Kilichoachwa kwenye kipochi, mezani au kwenye droo ni mali yake, hata kikiwa kipande cha karatasi chenye namba ya simu, na mhudumu hana mamlaka ya kukipima thamani. Chakula kinachooza ndicho pekee ningekitoa katika sharti hilo.

Vitu visivyodaiwa hukaa miezi 3, kisha aliyeviokota huulizwa kama anavitaka, na vilivyobaki hupelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto. Muda huo naona ni mfupi kwa vitambulisho na hati za kusafiria, ambavyo vingepaswa kufikishwa polisi mapema bila kungoja miezi kwisha, na unatosha kwa nguo na chaja. Tatizo ni kwamba mgeni haambiwi. Katika kadi iliyopo mezani chumbani mna saa za kifungua kinywa, namba ya siri ya intaneti, katazo la kuvuta sigara na faini ya taulo iliyopotea, lakini hamna mstari hata mmoja unaoeleza apige namba gani akisahau kitu na kitatunzwa kwa muda gani.

Nimeipa nyota nne kati ya tano. Niliwaandikia uongozi kuhusu zamu ya alfajiri, ufunguo wa Jumapili na dawa zilizotupwa. Walijibu kwa adabu kwamba ufunguo wa pili umeshachongwa na upo mapokezi. Kuhusu zamu ya alfajiri walisema wanalitazama.