Stellarium: programu ya bure inayomfundishia mwanafunzi anga la hapa hapa kwetu

Kama unafundisha jiografia sekondari, au una mtoto nyumbani anasoma mizunguko ya dunia na mfumo wa jua, weka Stellarium kwenye laptopu. Ya kompyuta ni bure kabisa, unadaunlodi mara moja tu halafu bando likiisha inaendelea kufanya kazi, na ndani ina nyota zaidi ya laki sita. Lakini sio wingi wa nyota ulionifanya niipende. Mwanafunzi wetu anasomeshwa anga ambalo mara nyingi limechorwa kwa macho ya mtu aliyesimama Ulaya, hii programu inamrudisha anga lake.

Chukua jua la utosi. Watoto wanakariri tu kwamba jua huwa utosini kati ya tropiki mbili, basi. Sasa bonyeza F6 uchague Dar es Salaam, bonyeza F5 uweke mwanzoni mwa Machi mchana kama saa sita na nusu hivi, jua liko juu kabisa ya kichwa. Peleka tarehe mpaka Juni linahamia kaskazini, peleka Desemba limehamia kusini, ukiweka karibu na tarehe 10 Oktoba limerudi tena utosini. Darasa zima wanaona kwa projekta, na Machi ikifika unawatoa nje wasimamishe kijiti waone kivuli kinavyopotea.

Nyota ya Kaskazini nayo hivyo hivyo. Kitabu kinasema inaonyesha kaskazini, mtoto wa Dar anatoka usiku anaitafuta haioni. Bonyeza G, ardhi inaondoka kwenye skrini, na nyota ile hapo, iko chini ya upeo! Ukihama kwenda London inapanda nyuzi kama 51, ambayo ndio latitudo ya London, yaani hapo latitudo inaeleweka bila kukariri chochote.

Ila kilichonigusa zaidi ni Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Wazee wetu wa pwani walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Weka tarehe 20 Mei mchana, bonyeza A uondoe mwanga wa angahewa, utakuta jua limekaa karibu kabisa na Kilimia, ndio maana hakionekani siku hizo, kimefichwa na mwanga. Sogeza mpaka katikati ya Juni alfajiri, kimeshazuka mashariki na masika yameisha. Hii ni sayansi ya kwetu na mwanafunzi ana haki ya kuijua kama anavyojua majina ya Kigiriki.

Na ukitaka kufundisha kupatwa kwa jua usihangaike na mchoro, weka Rujewa kule Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, zuum jua. Utaona pete, kwa sababu mwezi siku ile ulikuwa mbali na dunia ukashindwa kulifunika jua lote.

Mapungufu yapo. Laptopu ya zamani sana yenye grafiki dhaifu inaweza kugoma. Ya simu ipo ya bure lakini kuna vitu vingine mpaka ulipie toleo la Plus, na ile ya kwenye brauza inataka intaneti muda wote. Pia inakuonyesha anga ukiwa umesimama ardhini, kwahiyo kuinama kwa mhimili wa dunia nyuzi 23.5 bado nafundisha kwa globu na tochi kwanza, ndio nafungua kompyuta. Miamba, volkano na matetemeko humu hamna, tafuta kwingine.

Kwa anayeanza, kabla ya yote hakikisha F6 ina mji wako, maana ikibaki mji wa mbali kila utakachowaonyesha watoto kitakuwa cha huko. Ukishaweka, bonyeza L mara kadhaa muda ukimbie, waache waangalie nyota zinavyochomoza na kuzama usiku mzima kabla hujawaambia neno lolote kuhusu dunia kujizungusha.